Mchekeshaji wa Mkutano wa Kahawa

Sijawahi kumpenda mtu anayelipwa ili anifundishe kucheka. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Nimekuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku milimani Mbozi kwa miaka ya kutosha kuona mambo mengi ya kijinga, na mengi kati ya hayo nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari la mihtasari. Lakini hili la kumkodi mchekeshaji naliweka peke yake. Na aliyemkodi ni mimi. Mwenyekiti ndiye aliyeagiza, ila aliyekwenda Tunduma kumtafuta, akakaa naye meza moja na kupeana naye mkono, ni mimi.

Ilianzia kwenye harusi. Mwenyekiti wetu alialikwa Vwawa kwenye harusi ya binti wa mtu mwenye uwezo, na huko akamkuta jamaa mwenye suti ya njano anayeshika maikrofoni na kuwapa maharusi siri za maisha huku wageni wakishika mbavu. Mwenyekiti alirudi mtu mwingine. Wiki nzima kila aliyepita ofisini alisimuliwa vile vichekesho, na mwenyekiti si mtu wa kusimulia kichekesho. Anaanzia mwishoni, halafu anarudi mwanzo kukueleza kwa nini ulipaswa kucheka.

"Katibu," akaniambia, "mkutano mkuu wa mwaka huu lazima tuwe na mtu kama yule. Watu wahamasike."

Nikamuuliza wahamasike kufanya nini. Akasema wahamasike tu.

Kwa wasiovijua vyama vyetu, mkutano mkuu huwa mara moja kwa mwaka, kabla kahawa haijaanza kuiva. Wanachama wanakusanyika kwenye ghala, maana wakati huo halina kitu, wanakaa kwenye mabenchi ya kuazima kanisani, wanasomewa taarifa, wanauliza kwa nini mbolea ilichelewa, wanajibiwa, hawaridhiki, wanakula pilau, wanaondoka. Jambo likitaka uamuzi, wanaokubali wanaombwa kunyoosha mikono, mikono inakwenda juu, mimi naandika. Hatuna karatasi wala sanduku la kura. Mkono wako ukishakuwa juu umekubali, na kwa mikono hiyo hiyo tuliwahi kununua mashine ya kumenya kahawa ambayo mpaka leo hakuna anayejua kuiwasha.

Ajenda ya mwisho inaitwa mengineyo. Humo ndimo tunamotupa shida za watu. Mwenyekiti ana kauli yake kwamba jambo la mtu mmoja haliwezi kutangulia jambo la chama, hivyo likija jambo la mtu mmoja analisukumia huko, na mengineyo huwa yanafikiwa wakati harufu ya pilau imeshaingia ghalani. Hapo utasikia sauti kutoka nyuma: tufunge, tumeelewa. Tunafunga. Jambo linasubiri mwaka mwingine.

Mwaka ule ndani ya mengineyo alikuwamo mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa mwanachama wetu tangu ujana. Alijiandikisha kabla hajaoa, na kwenye fomu, pale penye mrithi, akaandika jina la mdogo wake. Baadaye akaoa, akazaa, wakapanda mibuni mingine yeye na mkewe, na ile fomu haikubadilishwa. Nani huwa anaamka asubuhi akaenda kubadilisha jina la mrithi wake? Alipofariki, kikao cha ukoo kilikubaliana shamba libaki kwa mjane, na shambani kweli hakuna aliyemgusa. Alipalilia, akapogolea, akachuma. Ila kahawa ikifika kwenye mizani yetu inapokelewa kwa namba ya marehemu, na mwenye haki na namba ya marehemu ni yule mdogo wake. Kwa hiyo mama anabeba magunia na shemeji anakuja na kalamu kusaini. Msimu wa kwanza alimgawia mama kilichopatikana. Msimu wa pili alimgawia kidogo. Msimu wa tatu alisema simu yake imeibiwa Tunduma na pesa zote zilikuwa ndani ya simu.

Dawa ilikuwa moja tu, mkutano mkuu umkubali mama awe mwanachama kwa nafasi ya mumewe. Bodi haina uwezo huo, katiba ya chama imesema wazi. Ni shughuli ya dakika tano. Na kwa mikutano miwili mama huyu alikaa benchi la nyuma na bahasha yake ya kaki mapajani mpaka sahani zikaanza kupita. Safari hii alikuja ofisini mapema.

"Katibu, mkutano huu nikikosa, sijui," akaniambia. "Shemeji amesema msimu huu shamba analikodisha, eti mwenye namba ndiye mwenye shamba. Juzi alimleta mtu wa Tunduma, wakazunguka mibuni yote, wakahesabu. Mimi nilikuwa napalilia, hawakunisalimu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ombi lake lipo kwenye ajenda. Akauliza ni ajenda ya ngapi. Nikasema mengineyo. Aliniangalia kidogo, akashukuru, akaondoka na bahasha yake. Niliona aibu, lakini aibu yangu huwa haidumu. Mchana huo huo nilikuwa njiani kwenda Tunduma kumtafuta mtu wa kutuchekesha.

Mahali alipachagua mwenyewe, hoteli moja karibu na maegesho ya malori, ambako madereva wanaosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hukaa siku mbili tatu wakinywa chai na kulaani foleni. Nilimtambua kwa miwani ya jua, kwa kuwa tulikuwa ndani. Alinipa kadi. Iliandikwa kwamba yeye ni mhamasishaji, mchekeshaji, kocha wa mafanikio na mshereheshaji. Kazi nne kwenye kadi moja, na sikuona hata moja inayomtaka mtu ainame.

Akaniuliza hadhira yangu ni ya daraja gani. Nikasema wakulima wa kahawa. Akatingisha kichwa kwa huruma.

"Mkulima tatizo lake liko hapa," akasema, akijigonga kwenye paji la uso. "Akibadilisha hapa, kila kitu kinabadilika."

Nilitaka kumwambia kwamba tatizo la mkulima mwaka ule lilikuwa chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa ikiwa bado mbichi mtini, na kwamba tulikuwa tumejaribu dawa tatu bila kuugusa utosi wa mtu. Nikamuuliza bei. Ukishaanza kubishana na watu wa namna hii, wanakufanya mfano.

Alikuwa na vifurushi. Kidogo ni nusu saa, vichekesho peke yake. Cha kati ni saa nzima, vichekesho na machozi. Kikubwa ni saa moja na nusu, vichekesho, machozi, na mwishoni kuvunja minyororo. Nikauliza minyororo gani. Akasema ya ndani. Mwenyekiti alikuwa ameshaniagiza nisiaibishe chama, basi nikachukua kile chenye minyororo.

Masharti yake aliyataja huku akisoma simu. Spika mbili, maikrofoni isiyo na waya, maji ya chupa, chumba cha kubadilishia nguo. Lazima azungumze mwanzoni kabisa, kwa sababu saa tisa atakuwa na sherehe ya send-off ya watu wa maana hapo Tunduma na foleni ya malori haimjui mtu. Halafu akaniomba nimtajie watu wa kuwachokoza.

"Wanene wawili, mlevi mmoja anayejulikana, na bibi mmoja," akasema. "Bibi ni muhimu. Bila bibi, machozi hayatoki."

Nikamwambia sina orodha ya namna hiyo. Akacheka, akasema hakuna shida, akifika atawaona mwenyewe. Nilirudi Mbozi nikiwa nimekaa dirishani, najiuliza hivi baba yangu, aliyekiasisi chama hiki na wenzake kwa kubeba kahawa begani hadi barabara kuu, angeniambia nini. Nadhani asingeniambia kitu. Angenitazama tu, na ingetosha.

Siku ya mkutano watu walijaa. Mwenyekiti alisema ni kwa sababu ya mhamasishaji. Mimi najua ni kwa sababu tulitangaza pilau ya nyama. Shemeji naye alikuja. Ana mibuni yake michache iliyojaa magugu, inayomtosha kuitwa mwanachama, ingawa shughuli zake ni udalali wa hapa na pale mpakani. Alisimama kwenye mlango wa ghala, shati limepigwa pasi, simu mkononi, ili watu waone kwamba hakai sana.

Mwenyekiti akafungua mkutano. Nikasoma idadi ya waliohudhuria, akidi ikawa imetimia. Akaomba ajenda zipanguliwe ili mgeni wetu rasmi atangulie, wajumbe wakaridhia, na mgeni akatoka kwenye stoo ya mbolea alimokuwa akibadilisha nguo. Suti ilikuwa ile ile ya njano. Kisigino cha kiatu kimoja kilikuwa na vumbi la mbolea, na hilo ndilo jambo pekee lililonifurahisha asubuhi ile.

Alitusalimu kwa Kinyakyusa. Ghala zima la Wanyiha likamtazama. Akapaza sauti, "Mbeya oyee!" Wachache wakaitikia kwa adabu. Tuna mkoa wetu, tulishaachana na Mbeya zamani, lakini mtu aliyekuja kuvunja minyororo yetu hakuwa na muda wa kuuliza yuko wapi.

Kisha akaanza. Alituambia umaskini ni uamuzi. Alituambia tajiri huamka saa kumi alfajiri wakati maskini bado anakoroma, na wazee waliokaa upande wa kulia wakatazamana, maana saa kumi ndiyo saa wanayoamka tangu wakiwa watoto na bado wanadaiwa ada. Alituambia kila mtu amgeukie jirani yake, amshike mkono, amwambie, "Wewe ni mshindi." Kwenye benchi la tatu walikaa wanaume wawili ambao hawajasalimiana kwa miaka miwili kwa sababu ya mpaka wa shamba. Walishikana mikono, wakaambiana kila mmoja ni mshindi, wakaachiana, na kesi yao iko mahakamani mpaka leo.

Mwenyekiti alikuwa akicheka kabla kichekesho hakijafika, kwa kuwa alishakisikia Vwawa. Alicheka mpaka akapiga meza na kalamu yangu ikadondoka. Nisiwe mwongo, watu walicheka. Wanene walipatikana, mlevi akapatikana, nao walicheka kuliko wote, maana mtu akikucheka mbele ya watu njia rahisi ni kujiunga naye. Mimi mwenyewe nilicheka mara moja, kwenye kile cha mtu anayemwombea mama mkwe wake maisha marefu, ila ayaishie Zambia. Nikajikasirikia papo hapo. Nilikuwa nimeiacha kalamu ilipoangukia. Niliamua kwamba sitaandika hata neno moja la mtu yule.

Ukafika wakati wa machozi. Akashusha sauti, akatembea taratibu kati ya mabenchi, akitafuta. Nilijua anatafuta bibi. Yule mama mjane alikuwa benchi la mbele, kitenge kimefungwa vizuri, bahasha mapajani, na mchekeshaji alipofika kwake akasimama. Nikasema moyoni, Mungu wangu, asiwe huyu.

"Mama yangu mzazi," akasema kwenye maikrofoni, "simama. Mpigieni makofi mama. Mama, mimi nataka leo uwaambie hawa watoto wako. Hapo ulipo, na umri huo, ndoto yako ni nini?"

Akampa maikrofoni. Mama akasimama, akaishika kwa mikono miwili. Hakumtazama yule mtu. Alitazama meza kuu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wanachama wenzangu," akasema. "Mume wangu marehemu alikuwa mwanachama wa chama hiki. Tangu amefariki shamba lake nalihudumia mimi, na hapa nina muhtasari wa kikao cha ukoo. Ombi langu kwa mkutano mkuu ni moja. Naomba mnikubali niwe mwanachama kwa nafasi yake, nipewe namba, niuze kahawa kwa jina langu mwenyewe. Nashukuru."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwona ni mama wa watu aliyeitwa mbele, akapewa maikrofoni, akadhani ajenda yake imefika. Katika mikutano yetu anayepewa maikrofoni ndiye anayesikilizwa, hajui kwamba zipo maikrofoni za kuchezea watu. Nilimhurumia kwa namna ya kujiona mimi mwerevu zaidi yake, na huruma ya namna hiyo ina uchafu ndani yake.

Mchekeshaji alibabaika kwa sekunde moja. Alikuwa ameomba ndoto, akapewa hoja. Lakini watu hawa hawaachi kitu kianguke chini.

"Jamani!" akasema. "Wengine wanaota Prado, mama anaota jina! Hivi ni nani anakubali mama huyu apewe jina lake? Nataka mikono juu! Mikono juu wote!"

Mikono ikaanza kupanda. Watu walikuwa wakicheka. Mwenyekiti alinyoosha yote miwili. Mikono ya upande wa nyuma ilikuwa inasuasua, mchekeshaji akaiona, akapanda juu ya kiti.

"Na ambaye hajanyoosha," akasema, "hebu mwangalieni vizuri sura yake. Huyo ndiye mchawi wa kijiji hiki!"

Kwetu utani huo haujaribiwi. Mikono iliyobaki ikapanda kwa mpigo mmoja, mpaka ya wapishi waliokuwa wakichungulia dirishani. Watu wakageuka kutazama mlangoni. Shemeji alikuwa ameegemea nguzo, mikono miwili iko kwenye simu. Aliona macho ya ghala zima. Akatabasamu, akainua mkono juu, simu ikiwa ndani yake.

"Kuna anayepinga?" akauliza mchekeshaji. "Kama yupo asimame tumwombee."

Hakusimama mtu. Makofi yakalia, akampokonya mama maikrofoni na kuendelea na minyororo yake. Mama hakurudi kukaa. Alipita kwenye meza yangu akaniinamia.

"Katibu, umeandika?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Kalamu ilikuwa bado chini ya meza. Akatoka nje na bahasha yake, akapita mlangoni mbele ya shemeji, akashuka njia ya kwake.

Mchekeshaji alizidisha muda wake kwa karibu saa nzima, akaondoka kwa haraka huku mwenyekiti akimfungulia mlango wa gari. Tukasoma taarifa mbio mbio. Harufu ya pilau ikaingia. Mwenyekiti akasema kwa kuwa muda umetutupa mkono, mengineyo yatakwenda mkutano ujao, na sauti kutoka nyuma ikasema tufunge, tumeelewa. Nilitakiwa kusimama. Nilitakiwa kusema kuna mama amekwenda nyumbani akiamini tumeshampokea, kumbe alikuwa anachekwa. Sikusimama. Nilikula pilau, tena niliongeza.

Siku chache baadaye mwenyekiti alikuja kuulizia muhtasari. Nikamwambia nautayarisha, na sehemu ya mgeni nitaifupisha mstari mmoja: mgeni alizungumza na wajumbe. Uso ukamkunjamana.

"Hapana, katibu," akasema. "Ile ndiyo sehemu yenyewe. Andika kila alichofanya, hatua kwa hatua. Nakala inakwenda wilayani, nataka waone chama chetu kiko mbali."

Basi nikakaa, nikaandika kila alichofanya. Sitajisifu kwamba nilikuwa natetea haki ya mjane. Nilikuwa na hasira. Nilitaka mtu wa wilayani asome upuuzi ule wote, kisigino mpaka miwani, amdharau mwenyekiti kama nilivyokuwa nikimdharau mimi. Nikaandika salamu ya Kinyakyusa. Nikaandika ushindi wa majirani. Nikafika kwa mama, na hapo mkono ukaanza kwenda wenyewe, kwa lugha ile ile niliyoizoea miaka yote: mwanachama mjane aliomba apokelewe kwa nafasi ya marehemu mumewe, wajumbe waliulizwa kama wanakubali, wajumbe wote, akiwemo mwenyekiti, walinyoosha mikono, walipoulizwa kama yupo anayepinga, hakutokea. Nikatazama nilichoandika. Hakukuwa na uongo hata nukta. Chini yake huwa tunaandika azimio, na nilikaa na neno hilo muda mrefu, chai ikapoa. Halafu nikaandika: Azimio, ombi limekubaliwa.

Mwenyekiti alisoma ile aya ya kumkaribisha mgeni, akaniambia niongeze neno mashuhuri, akasaini.

Msimu ulipofunguliwa, mama alifika kwenye mizani na kahawa yake nikampokea kwa namba mpya. Shemeji alikuja baada ya wiki akiwa na mpangaji wake wa Tunduma garini. Alipoonyeshwa daftari alianza kufoka, kisha akanyanyua simu, kisha akaenda wilayani. Afisa ushirika akaja mwenyewe. Ni dada wa makamo, hana mzaha, na hakukaa kwenye kiti mpaka alipokifuta. Akatuita ofisini sisi watatu, mwenyekiti, shemeji na mimi, akafungua muhtasari.

"Siku ya mkutano ulikuwepo?" akamuuliza shemeji.

"Nilikuwepo, lakini ule ulikuwa mchezo, mheshimiwa. Yule mtu ni mchekeshaji."

"Ulinyoosha mkono?"

"Alisema asiyenyoosha ni mchawi."

"Sijauliza alichosema. Ulinyoosha?"

Shemeji akatutazama mmoja mmoja. "Nilinyoosha," akasema.

Yule dada akamgeukia mwenyekiti. "Nifafanulie, mwenyekiti. Mazungumzo ya huyu mgeni yalikuwa sehemu ya mkutano mkuu, au ilikuwa burudani? Kwa sababu kama ni burudani, nitaomba unionyeshe ni kikao gani kiliidhinisha chama kugharamia burudani."

Nimefanya kazi na mwenyekiti muda mrefu, na sijawahi kuona mtu akifikiri kwa kasi ile. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Shemeji alikuwa rafiki yake, walikuwa wamekunywa pamoja wiki ile ile.

"Ilikuwa sehemu ya mkutano," akasema. "Kabisa. Ajenda halali."

"Basi na azimio ni halali," akasema yule dada, akafunga faili.

Jioni ile nilipanda kwenda kwa mama. Sikuwa na sababu ya kwenda zaidi ya kutaka kushukuriwa. Nikiri mbele ya Mungu wangu, njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumweleza, kwa upole, kwamba siku ile hakuelewa kilichokuwa kinatendeka, na kwamba ni mimi niliyeugeuza mzaha ukawa haki yake. Nilimkuta kwenye kichanja cha kuanikia, anachambua kahawa, anatoa zilizovunjika na nyeusi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha kazi. Nikamweleza yaliyotokea ofisini. Akasema Mungu ni mwema.

"Sasa mama," nikaanza, "siku ile yule bwana alipokupa maikrofoni, ulidhani labda ajenda yako..."

"Mwanangu," akanikatiza, "mimi nimekaa mikutano yenu tangu mume wangu yuko hai. Unafikiri sijui mchekeshaji na mwenyekiti? Miaka miwili nimekaa nyuma, nikangoja mengineyo, nikanusa pilau nikarudi nyumbani," akasema. "Nilipomwona yule mtu anatafuta wa kumcheka, nikahamia mbele. Nikasema anicheke tu, mradi anipe kile chombo mkutano ukiwa umekaa. Na wakishacheka, watu wananyoosha mikono."

Alichambua kidogo, akatupa buni mbovu pembeni. Kuku wakaja kuchungulia, wakaondoka.

"Kilichonipa shida ni kimoja," akasema. "Nilipokuuliza kama umeandika, ulikuwa umeandika?"

"Hapana, mama," nikasema.

"Niliona," akasema, akasogea upande wa pili wa kichanja, ambako kahawa ilikuwa bado haijachambuliwa.